Mwanafunzi Asigeuzwe Mpiga Debe wa Sola

Kuna aina ya habari ambayo sasa imezoeleka: wanafunzi wa shule fulani, wamevaa fulana za rangi moja na kubeba mabango waliyochora wenyewe, wanapita nyumba kwa nyumba kuhimiza watu wafunge umeme wa jua. Mgeni rasmi anahutubia, picha zinapigwa, na idadi ya kaya "zilizofikiwa" inatangazwa. Msimuliaji huishia kwenye pongezi, na nyuma ya pongezi hizo kuna tafsiri ambayo karibu hakuna anayeihoji, kwamba vijana wameelimika, wakubwa bado wamelala, na kilichobaki ni kuwaamsha. Naona tafsiri hiyo ina kasoro tangu mwanzo. Wengi wanaoishi bila sola hawajakosa habari zake. Wamekosa ushahidi wanaoweza kuuamini, na wamekosa mtu wa kumwita siku mtambo utakapogoma. Mwanafunzi anaweza kutoa hicho cha kwanza vizuri kuliko karibu mtu yeyote, na shule yake inaweza kusaidia kupatikana kwa cha pili. Kampeni nyingi, hata hivyo, zinampa kazi nyingine kabisa, ya kupiga debe, kazi ambayo wauzaji wanaifanya tayari na wanalipwa.

Tuanze na teknolojia yenyewe, maana sehemu kubwa ya hotuba za wanafunzi hutumika kuthibitisha jambo lisilobishaniwa tena. Tabia ya mwanga kuzalisha umeme iligunduliwa mwaka 1839 na Mfaransa Edmond Becquerel, aliyekuwa na miaka 19 tu akifanya majaribio katika maabara ya baba yake. Kijana kuwatangulia wazee katika jambo hili, kwa hiyo, si habari mpya. Seli ya silikoni ya kwanza yenye manufaa ilioneshwa na maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1954, ikigeuza takriban asilimia 6 ya nishati ya jua kuwa umeme. Paneli nyingi zinazouzwa leo zinapita asilimia 20. Kilichoporomoka zaidi ni gharama: kwa hesabu za IRENA, shirika la kimataifa la nishati jadidifu, gharama ya kuzalisha umeme katika mitambo mikubwa ya jua ilishuka kwa takriban asilimia 90 kati ya mwaka 2010 na 2023. Uwezo wa mitambo yote ya jua duniani ulivuka terawati 1, yaani wati trilioni moja, mwaka 2022, na mwaka 2024 ukavuka terawati 2. Terawati ya kwanza ilichukua karibu miaka 70 tangu seli ile ya Bell. Ya pili ilichukua miaka miwili.

Na wapi watu wamekimbilia sola kwa kasi zaidi? Pakistan iliagiza paneli za takriban gigawati 17 mwaka 2024 pekee, na walioziagiza kwa wingi walikuwa wenye nyumba, wakulima na wenye viwanda waliochoshwa na bili za umeme wa gridi. Afrika Kusini, katika kipindi kibaya cha mgawo wa umeme, makadirio ya Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, ya sola za juu ya mapaa yalipanda kutoka megawati 983 mwezi Machi 2022 hadi megawati 4,412 mwezi Juni 2023. Kilichowasukuma watu wa nchi hizo mbili hakikuwa maandamano ya wanafunzi. Bili ilipouma na giza lilipozidi, watu walipiga hesabu wakanunua. Anayeamini kwamba tatizo ni uelewa mdogo lazima aeleze uelewa huo ulitoka wapi ghafla ndani ya miezi kumi na mitano.

Hapo mtu anaweza kuuliza wanafunzi wana kazi gani basi, ikiwa bei na bili zinatosha kuwasukuma watu. Ni swali la haki, na nadhani jibu lake limo ndani ya mifano hiyo hiyo. Mbio za namna ile huwabeba kwanza wenye mtaji, wenye paa lao wenyewe na wenye uwezo wa kulinganisha makadirio ya mafundi watatu na kujua nani anadanganya. Nyuma yao hubaki watu wengi ambao wangefaidika pia lakini wanasita, na kusita kwao kuna sababu. Kosa la mwenye mtaji mkubwa ni hasara. Kosa la aliyeweka akiba miaka miwili ni msiba. Soko la sola lina historia ya kuwaumiza hasa hawa wa pili. Nchini Kenya, ambako kaya za vijijini zilikuwa zikinunua sola kwa fedha zao tangu miaka ya 1980, vipimo vilivyofanyika mwaka 1999 vilibaini kwamba baadhi ya paneli za bei nafuu zilizokuwa sokoni zilikuwa zikitoa umeme pungufu sana kuliko ulioandikwa kwenye lebo. Baadaye programu kama Lighting Africa zilianza kupima na kuthibitisha ubora wa taa na mitambo midogo kwa sababu bidhaa mbovu zilikuwa zinaharibu jina la bidhaa nzuri. Mama aliyeuziwa paneli feki, akaiona inakufa kabla ya msimu kuisha, anaijua sola kuliko kijana aliyejifunza juzi kwenye semina. Kumfuata na bango linalosema jua ni bure ni kumtukana bila kukusudia.

Watetezi wa kampeni za wanafunzi wana hoja nzito, na haifai kuzipita. Mwaka 2019 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti wa Danielle Lawson na wenzake uliofanyika North Carolina, Marekani, kwa wanafunzi wa umri wa miaka kati ya 10 na 14 na wazazi wao. Watoto waliofundishwa mabadiliko ya tabianchi kwa masomo yaliyowataka pia kuzungumza na wazazi waliongeza kiwango cha wasiwasi wa wazazi hao kuhusu tabianchi, na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwa akina baba na kwa wazazi wa mrengo wa kihafidhina, yaani wale wanaodhaniwa kuwa wagumu. Mabinti walifanikiwa kuliko wavulana. Miaka mitatu kabla yake, utafiti wa Hilary Boudet na wenzake uliohusu wasichana wa skauti California ulionesha kwamba masomo machache ya vitendo yalibadili tabia za kuokoa umeme nyumbani, kwa wasichana wenyewe na kwa kiasi fulani kwa wazazi. Mtoto, kwa hiyo, anasikika nyumbani. Hilo limethibitishwa.

Lakini tazama kilichopimwa. Cha kwanza ni wasiwasi, cha pili ni tabia kama kuzima taa, ambayo haina gharama na ikikushinda leo unajaribu tena kesho. Kufunga sola ni uamuzi wa fedha nyingi unaofanywa mara moja kwa miaka mingi. Mzazi anaweza kukubaliana na binti yake kwa kila neno kuhusu hali ya hewa na bado asitoe hata senti, na akawa hajajipinga. Kutoka hoja ya "mtoto anasikika" hadi hoja ya "mtoto auze sola" kuna pengo ambalo watetezi hulivuka kwa kasi ya kutia shaka.

Utafiti unaogusa jambo lenyewe kwa karibu zaidi ni mwingine, na nashangaa haunukuliwi kwenye hotuba hizi. Jimbo la Connecticut, Marekani, liliendesha mpango ulioitwa Solarize ambapo miji iliteua wakazi wa kujitolea kuwahamasisha wenzao wafunge sola. Gordon Kraft-Todd na wenzake walichunguza miji 58 iliyoshiriki, wakachapisha matokeo katika jarida la Nature mwaka 2018. Wahamasishaji ambao wao wenyewe walikuwa wamefunga sola kupitia mpango ule walipata wafungaji wapya zaidi ya wenzao wasiofunga kwa asilimia 62.8. Mpango ulikuwa ule ule, ila mmoja alikuwa na paneli juu ya paa lake na mwingine hana. Kabla ya hapo, mwaka 2012, Bryan Bollinger na Kenneth Gillingham walikuwa wameonesha kwa takwimu za California kwamba kila mtambo unaofungwa katika eneo huongeza uwezekano wa majirani kufunga wa kwao. Watu hutazama kilichoko juu ya paa kwanza, kisha ndipo wanasikiliza maneno.

Sasa chukua matokeo hayo uyapeleke kwa mwanafunzi anayebisha hodi. Hana paa. Hajalipa chochote. Shule iliyomtuma, mara nyingi, haina hata paneli moja, au inazo tatu zilizofungwa na mfadhili, ambazo betri yake ilikufa na hakuna aliyeshughulika. Kwa kipimo cha Connecticut, huyu ni mhamasishaji dhaifu kuliko wote, na udhaifu huo haumhusu yeye. Umetengenezwa na waliompanga. Ndiyo maana nasema mahali pa kuanzia ni paa la shule. Mwaka 1984 huko Meru, Kenya, mwalimu wa kujitolea Mark Hankins aliishawishi shule ya sekondari ya Karamugi ichague sola badala ya jenereta ya dizeli, akishirikiana na mhandisi Harold Burris. Mafundi wa maeneo yale walifundishwa kazi kwenye mitambo ya shule, na waliofuata kununua walikuwa walimu na wakulima wa jirani walioona taa zikiwaka kila usiku. Sehemu kubwa ya historia ya sola za majumbani Kenya inaanzia katika kazi ile, na haikuhitaji bango. Karibu na wakati wetu, shule za wilaya ya Batesville, katika jimbo la Arkansas, Marekani, zilifunga paneli na kubana matumizi ya umeme, na sehemu ya akiba iliyopatikana ikaingia kwenye mishahara ya walimu. Hoja ya namna hiyo mzazi anaielewa bila kufafanuliwa, kwa sababu anamjua mwalimu.

Wapinzani nao wamegawanyika. Hoja yao iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba watoto hawana fedha wala kauli, kwa hiyo ni kupoteza muda kuwashirikisha, wasome kwanza. Tafiti nilizozitaja zinatosha kuijibu sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili inashangaza, kwa sababu inachukulia kwamba sola iko nje ya masomo. Nguvu, volti, mkondo, nyuzi za mwelekeo wa paneli, asilimia, riba ya mkopo, kemia ya betri: ni vigumu kupata kitu kingine kinachokusanya mtaala mwingi kiasi hicho juu ya paa moja. Anayesema mwanafunzi asome kwanza angefaa kuuliza kwa nini anasoma mambo hayo ubaoni wakati mtambo unaoyaonesha yote uko umbali wa ngazi moja.

Hoja ya pili ya wapinzani ina uzito halisi, nayo ni kwamba kampeni hizi huwageuza watoto kuwa mawakala wa mauzo wasiolipwa. Taa za sola zimewahi kusambazwa sana kupitia shule. SunnyMoney, tawi la mauzo la shirika la Uingereza la SolarAid, liliuza taa kwa wingi katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, kwa kuwatumia walimu wakuu kama watu wa kuaminiwa na wazazi. Njia hiyo ilifanya kazi, na iliwafikia watu ambao duka lisingewafikia. Lakini ilifanya kazi kwa sababu ilikopa imani ambayo shule ilikuwa imeijenga kwa miaka, na imani iliyokopwa inaweza kupotea. Taa ikiwa nzuri, shule inasifiwa. Mtambo ukiwa mbovu, muuzaji anahamia mkoa mwingine, mwalimu anabaki akikutana na wazazi kila mkutano. Jibu langu ni mpaka ulio wazi: mwanafunzi asitaje chapa, asikusanye fedha, asipewe kamisheni, na nembo ya kampuni isionekane kwenye fulana yake. Najua mpaka huo unaondoa wadhamini wengi. Na waondoke.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi: mwanafunzi haondoki tu darasani, anaondoka mahali. Chuo cha Barefoot huko Tilonia, Rajasthan, India, kilichoanzishwa na Bunker Roy mwaka 1972, kimejulikana duniani kwa kuwafundisha wanawake wa makamo, wengi wao bibi wenye wajukuu na wasiojua kusoma, kuunda na kutengeneza mitambo ya sola ya vijiji vyao. Sababu yao ya kuwapita vijana ilikuwa ya kiutendaji kabisa: kijana akipata cheti anakwenda nacho mjini, bibi anabaki. Ukiufikiri mpango mzima wa nishati wa jamii, ni ajabu kuuweka mikononi mwa kundi ambalo, likifaulu, litakuwa limehama ndani ya miaka minne. Niliwahi kukaa kwenye wasilisho moja la wanafunzi, zuri tu, lenye michoro na mifano, hadi mwanamke mmoja mzee alipouliza, "Betri ikifa, namwita nani?" Wanafunzi walitazamana. Mwalimu wao akasema hilo litajibiwa baadaye, na ratiba ikaendelea.

Hoja hiyo nadhani inajibika, kwa njia ambayo Barefoot wenyewe wangeikubali. Mwanafunzi anaondoka lakini kidato cha pili hakiondoki. Kila mwaka kuna kidato cha pili. Kinachoweza kurithishwa ni daftari. Darasa linalosoma mita ya mtambo wa shule kila asubuhi, likaandika umeme uliozalishwa, uliotumika, siku za mawingu, siku paneli zilipofutwa vumbi, siku inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa kawaida wa nyumbani) ilipozima na fundi aliyekuja na kilichokuwa kimeharibika, linatengeneza kitu ambacho hakipo kwenye duka lolote: kumbukumbu ya miaka ya mtambo mmoja, chini ya jua lile lile na vumbi lile lile linaloangukia nyumba za jirani, iliyoandikwa na watu wasiouza chochote. Mwaka wa nne daftari hilo lina thamani kuliko wa kwanza, ingawa wote walioanza kuliandika wameshaondoka. Na anayelifungua atakuta majina ya mafundi waliokuja kweli walipoitwa, jambo ambalo lingekuwa jibu la yule mwanamke.

Kazi hii ya kupima ina upande mwingine ambao hotuba haziugusi: humfanya mwanafunzi awe na uwezo wa kusema hapana. Paneli iliyoandikwa wati 100 haitoi wati 100 kutwa nzima. Mahali penye jua zuri lenye wastani wa saa tano za nguvu kamili, itatoa kwenye karatasi wati-saa 500 kwa siku, na baada ya joto, vumbi, waya na hasara za betri, pengine 350. Pasi ya wati 1,000 ikiwashwa nusu saa inakula wati-saa 500. Hesabu imeisha hapo: mtambo ule unamudu taa, simu, redio na labda televisheni ndogo, lakini haumudu pasi, na aliyeuziwa kwa maneno ya "unapata umeme kama wa gridi" atakuwa anadai haki yake akilalamika. Vivyo hivyo betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye lebo, ila ukitaka idumu huishushi chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Kuna nyumba yenye mti mkubwa upande wa jua la asubuhi na ghorofa ya jirani upande wa jioni, ambayo haifai kufungwa sola hata kidogo. Mwanafunzi wa hisabati za kawaida anaweza kumaliza hesabu hizi mezani na mwenye nyumba kwa dakika chache, kwa kutumia orodha ya vifaa vyake halisi. Kampeni inayohesabu mafanikio kwa idadi ya waliokubali haiwezi kumpa ruhusa hiyo. Ila nyumba kumi zilizoambiwa ukweli, tatu kati yake zikaambiwa zisinunue, zitazungumza na majirani kwa namna tofauti kabisa na nyumba kumi zilizohubiriwa.

Ukweli huo huo unahitajika kwenye ahadi inayopendwa kuliko zote, kwamba taa ya sola itamfaulisha mtoto. Inaingia akilini: mwanga zaidi usiku, kusoma zaidi, alama zaidi. Utafiti mdogo wa majaribio wa Furukawa huko Uganda, uliochapishwa 2014, ulikuta kwamba watoto waliopewa taa walisoma takriban nusu saa zaidi kwa siku, lakini alama zao za mtihani zilikuwa chini kidogo kuliko za wenzao. Huko Bangladesh, jaribio la Kudo, Shonchoy na Takahashi liliona muda wa kusoma ukiongezeka mwanzoni, na alama za mtihani zisibadilike. Nchini Kenya, watafiti Hassan na Lucchino waliona manufaa katika hisabati, hasa yale yanayosambaa kwa wanafunzi wa darasa moja wanapoazimana mwanga. Ukijumlisha, ushahidi umechanganyika, na haufai kuwa kichwa cha bango. Arne Jacobson, aliyechunguza matumizi ya sola katika kaya za Kenya, alikuta televisheni, redio na simu zikichukua nafasi kubwa kuliko vitabu. Sioni aibu yoyote katika hilo. Mtu mzima anayetaka kutazama habari na kuchaji simu bila kutembea mwendo mrefu ana haki ya kununua umeme kwa sababu hiyo, na kuachana na moshi wa kibatari ni faida inayoonekana usiku wa kwanza. Kwa nini basi tumwahidi kingine?

Suala la betri ndilo linalopaswa kuchukua nafasi iliyobaki kwenye mazungumzo haya, kwa sababu ndilo linaloamua kama sola itabaki au itakuwa mabaki. Paneli nzuri huja na dhamana ya miaka 25. Betri ya risasi kwenye mtambo wa nyumbani, ikitunzwa vizuri, inafika miaka michache tu. Za lithiamu za aina ya chuma na fosfati zinadumu zaidi, lakini bei yake ya mwanzo inamfukuza mnunuzi yule yule ambaye kampeni inamlenga. Maana yake ni kwamba kila anayeshawishiwa leo atakuwa na gharama ya pili siku moja, na mara nyingi hajaambiwa. Maana yake nyingine ni taka. Katika eneo la Thiaroye-sur-Mer, jijini Dakar, Senegal, kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, watoto 18 walikufa mahali ambapo betri chakavu za risasi zilikuwa zikivunjwa na kuyeyushwa kienyeji. Zile zilikuwa hasa betri za magari, lakini risasi ni ile ile. Kampeni ya wanafunzi isiyosema betri iliyokufa ipelekwe wapi inawaachia wadogo zao tatizo ambalo lina historia ya vifo, na hapa sikubali hoja kwamba tukisema hivyo watu wataogopa. Waogope kiasi cha kuuliza swali.

Hata mpango uliopangwa vizuri sana hukutana na mambo yasiyotarajiwa. Bangladesh ilifunga mitambo ya sola ya majumbani zaidi ya milioni nne kupitia mpango wa IDCOL, taasisi ya serikali ya kugharamia miundombinu, ulioanza 2003, kwa mikopo midogo na mafundi waliokuwa wakitembelea wateja, na bado gridi ilipopanuka haraka kuliko ilivyotarajiwa, wateja wengi waliacha kulipa mikopo ya mitambo waliyoiona haina kazi tena. Mwanafunzi hawezi kubashiri ramani ya gridi. Anaweza, hata hivyo, kumshauri mwenye nyumba aulize kabla ya kukopa kwa miaka mitatu. Na kwa wapangaji, ambao hotuba za paa huwasahau kabisa, kuna mifano ya kutazama: Ujerumani inaruhusu mitambo midogo ya kuning'iniza kwenye baraza na kuchomeka ukutani, inveta yake isizidi wati 800, na mpangaji akihama anaondoka nayo. Si kila mahali sheria za umeme zitaruhusu hivyo, lakini ni swali linalomfaa mpangaji kuliko picha ya nyumba ya mtu mwingine.

Yote haya yanabadilisha maana ya mafanikio, na hapo ndipo ugomvi wangu na wafadhili unapoanzia. Ripoti za kampeni hizi huandikwa miezi mitatu baada ya uzinduzi, wakati kila kitu bado kinawaka. Kipimo kinachostahili ni mitambo mingapi inafanya kazi mwaka wa tatu, betri ya kwanza inapoanza kuchoka, na kaya ngapi zilishauriwa zisinunue. Bajeti ianze na mtambo wa shule wenye mita inayosomeka, ifuate akiba ya kununua betri ya pili, kisha saa za mwalimu atakayelisimamia daftari, kwa sababu bila mwalimu aliyepunguziwa vipindi vingine daftari hilo litakufa muhula wa pili. Fulana zije baadaye, kama fedha imebaki. Mfadhili atakayekubali masharti hayo kwenye mkataba atakuwa na picha chache sana za kuonesha mwaka wa kwanza, na walimu wakuu, ambao ndio watakaoulizwa na wazazi mtambo ukizima, wana kila sababu ya kuyadai kabla hawajasaini.